Singa Thelathini

Hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Katika mabanda yote ya ng'ombe wa maonyesho aliitwa Msusi, na jina hilo lilimkaa vizuri kwa sababu kazi yake ilikuwa nywele, isipokuwa wateja wake walikuwa na pembe. Kila asubuhi aliwaosha ng'ombe wa mjomba wake kwa sabuni ya watoto wachanga, akawakausha kwa mashine ya upepo iliyonguruma mpaka masikio yakaziba, akachana manyoya ya miguu kuelekea juu ili mguu mwembamba uonekane mnene, kisha akayagandisha kwa gundi ya kopo. Ng'ombe aliyeingia mikononi mwake akiwa na kilo mia nne alitoka akionekana wa mia tano. Wafugaji wa maziwa wakisikia habari hizi hucheka mpaka washike mbavu. Lakini Mjomba hakuwa mfugaji wa maziwa. Alikuwa mtu wa vikombe na tepe, na sebule yake ilikuwa na kabati la vioo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifuta vumbi ila yeye.

Alimpokea Msusi miaka sita iliyopita, aliporudi kutoka kwa mume na begi moja na jino moja pungufu. Akampa chumba kilichopakana na banda, na tangu hapo haikupita wiki bila kumkumbusha. “Huyu nilimwokota mimi,” alikuwa akiwaambia wageni, naye Msusi amesimama pale pale na sinia la chai. Mshahara hakumpa. Badala yake, mtamba mmoja alipozaliwa, rangi yake ya manjano iliyopauka, alimwambia, “Huyu ni wako, mwanangu. Mlee.”

Akamlea. Akamwita Siagi. Alimnywesha kwa chupa, akamfundisha kutembea na kamba, akamfundisha kusimama miguu minne sawasawa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Jioni alipomaliza kazi za wengine alikwenda kumkuna shingoni, naye Siagi alimlalia begani kwa uzito wake wote mpaka wote wawili wakayumba. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: Mjomba aende ofisi ya chama cha wafugaji akambadilishe Siagi kwenye daftari, aandikwe kwa jina la Msusi. Siku hiyo ikifika, Msusi angekuwa mfugaji, si mchanaji. Angeingia uwanjani na ng'ombe wake mwenyewe, na akitaka kuhama, angehama naye. Siku hiyo ilikuwa “wiki ijayo” kwa mwaka mzima na nusu.

Fahali wa Mjomba aliitwa Zulia, na ukimwona ulijua kwa nini. Manyoya yake yalikuwa mazito hata vidole vilipotea ndani, na mfupa wa mguu wake ulikuwa mnene kama mchi. Alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Watu walileta majike kutoka mbali, wakakaa foleni.

Sasa, koo za ng'ombe wenye manyoya ya namna hiyo zina kitu chao, na wafugaji wakiwa wenyewe hukiita gunia. Ni kitu cha kurithi, kimo damuni. Ng'ombe akikirithi upande mmoja tu, kutoka kwa baba au kwa mama, haumwi, ananeemeka. Ndicho kinachompa mfupa ule na zulia lile, na majaji wanakipigia makofi. Ng'ombe huyo huitwa mbebaji. Lakini fahali mbebaji akimpanda jike mbebaji, katika ndama wanne mmoja hukirithi pande zote mbili, na huyo ndiye gunia lenyewe: mwili umejaa maji, mapafu hayapo, umevimba kiasi kwamba mama hawezi kumtoa. Miaka nenda miaka rudi wafugaji waliyazika magunia yao nyuma ya mabanda, wakatoka wakipangusa mikono na kusema ndama alikaa vibaya tumboni.

Mwaka huo chama kikakata shauri: fahali wote wapimwe. Kipimo chenyewe ni chepesi. Zinatakiwa singa thelathini za mkia, zing'olewe na mizizi yake, zibandikwe kwenye kadi, kadi itiwe bahasha iende maabara. Aliyeng'oa anatia sahihi chini ya kadi. Majike ya maonyesho yalikuwa yameshapimwa zamani, na Siagi alikuwa mbebaji. Hapakuwa na aibu yoyote, mradi apandwe na fahali safi tu.

Msusi alizing'oa singa za Zulia asubuhi na mapema. Alikuwa mezani jikoni akizibandika moja moja Mjomba alipoingia na kufunga mlango.

“Hizo weka kando,” alisema. “Nenda kwa jirani mwenye mkokoteni. Yule maksai wake mwekundu.”

“Maksai ana nini?”

“Ana mkia.”

Msusi alielewa. Hakuwa mtoto. Mwaka uliotangulia alikuwa amesaidia kuchimba shimo moja nyuma ya banda, na ndama aliyeingizwa humo alifunikwa kwa turubai kabla hajamtazama vizuri. Aliishika kalamu mkononi bila kuandika.

“Mjomba, hii kadi inatiwa sahihi yangu.”

“Na Siagi ana jina langu,” alisema Mjomba. “Tutabadilishana.”

Akaenda. Jirani alimcheka, akamuuliza kama anataka kujitengenezea wigi. Maksai mwekundu, mkokotaji wa mawe na matofali maisha yake yote, aliyetoka kwenye ukoo usiowahi kuonwa na jaji yeyote, alisimama kwa adabu akang'olewa singa thelathini. Kwenye kadi aliitwa Zulia. Msusi akatia sahihi bila kusita, na hilo ndilo lililomshangaza baadaye. Zile singa za kweli Mjomba alizitupa jikoni motoni, zikanuka.

Baada ya wiki tatu karatasi ikarudi: safi. Mjomba akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya kabati la vikombe. Msusi alipomuuliza habari za daftari, alijibiwa kwamba wiki hii ofisini kuna msongamano.

Wafugaji huwa na siku ya kufungua mabanda, wageni waje kutazama mifugo kabla ya kuamua watapandisha kwa nani. Siku ya Mjomba walikuja watu arobaini hivi, na miongoni mwao Mwalimu. Huyu alikuwa mama mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na tano. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyemnunua kwa kiinua mgongo chake chote huku watoto wake wakimpigia kelele kwenye simu. Ng'ombe huyo alikuwa mbebaji, sawasawa na Siagi. Mwalimu aliisoma karatasi ya kwenye fremu mara mbili, miwani puani, kisha akatoka nje kwenye uwanja ambako Zulia alikuwa amefungwa na watu wamemzunguka.

“Karatasi nimeiona,” alisema, kwa ile sauti ya kufika dawati la nyuma. “Ila nina swali. Yule mtamba wa manjano pale bandani analilia dume tangu nimefika. Ni mbebaji, nimeona kwenye orodha. Fahali safi yuko hapa hapa. Mbona hapandishwi?”

Mtu mmoja akakohoa. Mjomba alicheka, lakini Msusi, aliyekuwa ameshika brashi ubavuni mwa Zulia, aliona shingo ya mjomba wake ikitoa jasho.

“Nilikuwa namsubiri mwenye swali kama hilo,” alisema Mjomba. “Msusi! Mlete Siagi.”

Msusi hakusogea. “Mjomba, Siagi ni wangu.”

“Si ndiyo maana nakuambia umlete wewe?” Akamsogelea, akamwekea mkono begani kama baba mzazi, akainama sikioni. “Wako kwa nani? Kwenye daftari ni wangu. Akipandwa leo mbele ya hawa watu, kesho saa mbili niko ofisini naandika jina lako. Asipopandwa, namuuza Jumatatu. Na ukifungua mdomo, sahihi kwenye kadi si yangu.”

Watu arobaini walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha, na alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza. Akaenda bandani, akamfungua Siagi, na Siagi, ambaye siku hiyo alikuwa na haja zake, alitoka mbio akimvuta, hata wageni wakaangua kicheko wakasema bibi harusi ana haraka. Msusi mwenyewe ndiye aliyeishika kamba mpaka mambo yakaisha. Mwalimu alitikisa kichwa akiridhika, kama mtu aliyeona mwanafunzi amepata jibu ubaoni.

Kesho yake Mjomba alitimiza neno. Hilo lazima lisemwe. Saa mbili alikuwa ofisini, na saa nne Msusi alikuwa na cheti mkononi: Siagi, mmiliki, na jina lake lote, lile alilopewa na mama yake, limeandikwa kwa mashine. Alikisoma njiani mara kumi.

Siku tano baadaye alimwendea daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye mikono mipana na maneno machache.

“Mimba changa inaweza kuondolewa?” aliuliza.

“Ya nani?”

“Ya Siagi.”

Daktari aliacha kuosha mikono. “Amepandwa na Zulia. Zulia si ana karatasi?”

Msusi akatazama sakafu. Daktari akafunga bomba.

“Sindano moja inatosha. Lakini usinicheleweshe. Ukiamua, nipigie wiki hii.”

Sasa tuseme ukweli, maana hapa hakuna mjomba wa kumsingizia. Msusi alirudi nyumbani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya Siagi, akahesabu kwa vidole. Ndama wanne. Mmoja gunia. Mmoja safi, wa kawaida, manyoya ya kawaida. Wawili wabebaji kama mama yao na baba yao, mfupa kama mchi, zulia mwili mzima. Robo moja mauti, robo tatu uzima, na nusu nzima ubingwa. Ndama wa Zulia na Siagi! Kazi yake ilikuwa kuyachana manyoya hayo miaka yote, ya ng'ombe wa watu, na aliyataka. Aliyataka kama mtu anavyotaka nguo aliyoiona kwa mwenzake. Akamtazama Siagi, akauona mgongo wake ulionyooka, akaviona vidole vyake mwenyewe, vitatu vimesimama na kimoja kimekunjwa. Wiki ikapita. Hakupiga simu.

Baada ya miezi miwili daktari alipima akasema mimba imeshika. Habari zikamfikia Mwalimu, ambaye alikuwa anangojea hilo tu, na Jumamosi yake akaja na ng'ombe wake, akampandisha kwa Zulia. Alimshukuru Msusi kwa mikono miwili. “Wewe mwanangu ndiye uliyenitoa wasiwasi,” alisema. “Mtu hawezi kumpeleka wake wa pekee mahali asipopaamini.” Msusi alisema karibu tena, akaingia ndani kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Siagi aliingia maonyesho makubwa akiwa na mimba ya miezi saba na nusu, katika kundi la mitamba yenye mimba. Siku mbili Msusi hakula vizuri. Alimwosha, akamkausha, akamchana, akamfungia singa za nyongeza kwenye ncha ya mkia, akamvuta ngozi hapa na kumnyoa pale mpaka mstari wa mgongo ukawa kama umepigwa rula. Tumbo halikuhitaji kazi. Tumbo lilikuwa limeshuka na kutanuka pande zote, kubwa kuliko la mtamba yeyote pale uwanjani, na watu walikuwa wanapita wakirudi kulitazama.

Jaji alikuwa mzee mwenye kofia ya majani. Alizunguka mara tatu. Alimpapasa Siagi mguu, akafukia vidole kwenye manyoya, kisha akampiga kofi la upole tumboni, pwa, akageukia kipaza sauti.

“Hiki ndicho kina cha ubavu tunachokitafuta,” alisema. “Angalieni nafasi aliyonayo huyu mtamba. Huyu ni mama aliyeumbwa kuzaa.”

Wakamfunga Siagi utepe wa zambarau. Wakatangaza jina la mmiliki, lote, na Msusi alichelewa kusogea mbele kwa sababu hakulitambua mara moja. Alilia. Mjomba alipiga makofi kuliko wote, na alipopita karibu yake akasema, “Unaona? Ungenisikiliza tangu mwanzo usingekonda bure.” Kwa saa nzima, akiwa amesimama na utepe ule mkononi na Siagi amemlalia begani, Msusi alisahau kila kitu. Hakuna aliyewahi kumpa furaha kama ile, na tusimnyang'anye.

Uchungu ulianza wiki mbili kabla ya siku zake, asubuhi, watu wakinywa chai. Siagi alilala, akasimama, akalala. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na ukilisukuma kwa kiganja ulisikia maji yakienda upande wa pili na kurudi. Msusi aliyasikia, akainuka.

“Namwita daktari,” alisema.

“Huiti mtu,” alisema Mjomba. Alikuwa amesimama mlangoni pa banda na kikombe chake cha chai. “Daktari anaandika. Ndama wa ng'ombe bingwa akifa, lazima aandike, na akiandika anakata sikio anapeleka maabara. Majike kumi na tisa ya wateja yana mimba za Zulia. Unataka nini, tuuze vikombe?”

“Mjomba, atakufa.”

“Mitamba inazaa kila siku. Tia mkono uvute.”

Akatia mkono. Alifunga kamba akavuta, yeye na mtu wa kulisha mifugo, saa ya kwanza, saa ya pili. Kilichokuwa ndani hakikuwa na pembe ya kushikika. Vidole vilizama ndani yake na kuacha mashimo. Siagi mwanzoni alilia, baadaye akawa anaguna tu kila walipovuta, akimtazama Msusi kwa jicho moja kubwa, la mnyama anayeamini kwamba aliyemfundisha kusimama atajua la kufanya sasa. Mjomba alimaliza chai. Saa sita Msusi aliacha kamba, akampita mlangoni kwa bega, akaenda barabarani kumpigia daktari simu, mikono imejaa damu mpaka simu ikamponyoka mara mbili.

Daktari alikuja saa saba. Alipasua. Maji yalimwagika yakafika mlangoni, wakalazimika kusogeza magunia ya chakula. Ndama alitolewa vipande viwili, kwa sababu mzima hakuweza kutoka hata pale palipopasuliwa. Hakuwa na sura. Alikuwa amevimba, macho yamepotea ndani ya nyama, uzito wake ndama watatu. Na mwili mzima, kuanzia kichwa mpaka kwato, alikuwa na manyoya mazuri ajabu, mazito, yenye mawimbi. Msusi aliyagusa. Mkono wenyewe uliyapapasa kama ulivyozoea.

Siagi alikufa saa nane kasoro. Daktari alikata sikio la ndama, akalitia kwenye chupa, akaandika.

“Mfunikeni,” alisema Mjomba. “Saa kumi nina wageni. Na wewe nenda kamwoshe Zulia, ana matope miguuni.”

Utauliza kama alimwosha. Alimwosha.

Majibu ya maabara yalifika kwa chama baada ya wiki tatu, na Msusi akaitwa. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chama: viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cha kijani, feni iliyokuwa inazunguka bila kuleta upepo, na ukutani picha za mabingwa, Zulia mara tatu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima mwenye duka la vyakula vya mifugo, na ng'ombe wake sita walikuwa na mimba ya Zulia. Alisoma karatasi ya kwanza: ndama wa Siagi ni gunia, hakuna shaka. Alisoma ya pili: Zulia ni safi. Akavua miwani.

“Gunia linahitaji wazazi wawili wabebaji,” alisema. “Siagi ni mbebaji. Zulia siye. Kwa hiyo baba wa ndama huyu si Zulia. Mama, ng'ombe huyu ana jina lako. Alipandwa na nani?”

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Hata Mwalimu, kwenye kiti cha mbele, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila hatua. Msusi alimtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa anamtazama kwa huruma.

“Mimi nasema tusimwonee,” alisema Mjomba, akisimama. “Ni mpwa wangu, nilimwokota mwenyewe. Zulia alimpanda mbele ya watu, kweli, lakini mtamba akirudia joto la kutaka dume baada ya wiki tatu, na lango likiachwa wazi, fahali wa barabarani ni wengi. Uzembe tu. Mpeni onyo, anyang'anywe utepe, yaishe. Atabaki kwangu anichanie ng'ombe.” Akaketi kando ya Msusi, akamwinamia sikioni. “Kubali lango. Lango ni dogo.”

Msusi akasimama. Alikuwa amepanga maneno, yakamkimbia yote, akabaki na yale mafupi.

“Singa za kwenye kadi si za Zulia,” alisema. “Ni za maksai wa mkokoteni. Nilizing'oa mimi, Mjomba akiniagiza. Zulia ni mbebaji. Mpimeni upya. Twendeni sasa hivi, mng'oe wenyewe.”

Kwa muda mfupi Msusi alidhani ameshinda. Kisha akaanza kuziona nyuso. Mwenye duka la dawa za mifugo, majike manne. Mapacha wanaofuga pamoja, majike matano. Katibu, jike moja na fahali kijana, mwana wa Zulia, aliyetangazwa kuuzwa mwezi ujao. Kila mmoja wao alikuwa ameelewa, na kila mmoja alikuwa anahesabu alichonacho nyumbani ambacho kesho asubuhi hakitakuwa na thamani. Hapakuwa na hata mmoja aliyeshangaa.

Mwenyekiti alivaa miwani tena. Aliiinua kadi ya singa.

“Sahihi hii ni ya nani?”

“Yangu.”

“Kwa hiyo ama ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa. Kanuni inasema fahali hupimwa mara moja. Karatasi ipo, ina muhuri.” Akaviweka vitu vyake sawa mezani. “Wanaoafiki jina lake lifutwe kwenye daftari la wafugaji?”

Mikono iliinuka. Mjomba aliinua wake kwa kusitasita kwa mtu anayeumia. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Aliutazama mkono wake kwanza, kisha akauinua.

Mjomba alimpa mpaka mwisho wa wiki awe amehama, lakini Msusi alianza kufunga begi kesho yake asubuhi. Lilikuwa begi lile lile alilokuja nalo. Alitia nguo, akatia brashi zake mbili na chanuo la chuma. Utepe wa zambarau ulikuwa umeshachukuliwa. Alikuwa amepiga goti kwenye zipu Mwalimu alipobisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Hakuingia. Alisimama kizingitini na mkoba wake ameukumbatia.

“Mwanangu,” alisema, “sasa hatuko mbele ya watu. Niambie ukweli.”

“Nimeshausema, Mwalimu. Nimeusema mbele ya watu wote.”

Mwalimu alitazama bandani, mahali pa Siagi, ambapo pameshamwagwa nyasi mpya.

“Nilikaa jana nikapiga hesabu,” alisema. “Hata kama ni kama unavyosema. Hata kama. Ni robo moja tu, si ndiyo? Robo tatu hawana neno.”

Msusi aliacha zipu.

“Na nusu wanakuwa na yale manyoya,” Mwalimu aliendelea, na uso wake ukachangamka, miaka ikamtoka usoni. “Nusu nzima. Si kidogo. Nilikuwa nataka kukuomba, popote utakapokwenda, akizaliwa uje unichanie. Wengine hawajui kuchana.”

“Mwalimu, mwite daktari leo. Leo hii. Asingojee siku zake.”

“Ya nini daktari? Hajambo kabisa, anakula, anatembea.” Akashusha sauti, kwa fahari ya mama anayemsifu mtoto na kuogopa kijicho. “Ungemwona! Miezi saba tu, na tumbo limetanuka huku na huku. Majirani wote wanasema hawajaona tumbo kama lile tangu la Siagi.”